Wimbo Uliobaki Kinywani mwa Baba

Kiharusi kilimkuta Baba asubuhi, msimu wa mvua, ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yetu ya mtaa wa Makomeno akifunga kamba za viatu. Kiatu cha kushoto kilikuwa tayari. Alipoinamia cha kulia, mkono ukakataa. Mama alimwona kutoka dirishani akiipapasa ile kamba kama mtu anayetafuta sindano, akamwambia aache uvivu, watachelewa misa. Baba akainua uso ili amjibu, akatoa sauti moja ndefu isiyokuwa neno. Mama huniambia kwamba mpaka leo bado anaisikia.

Alirudi kutoka hospitali baada ya wiki tatu, upande wa kulia umekufa, mdomo umevutwa. Maneno yalikuwa yameondoka yote. Huyu ndiye mtu aliyefanya kazi ya umeme mgodini maisha yake yote, na watu wakamjua kwa hadithi zake kuliko kwa umeme wake. Jirani aliyekuja kuazima nyundo alikuwa akiondoka baada ya saa mbili, na mara nyingine akiisahau nyundo. Sasa alilala akitutazama. Macho yake yalielewa kila kitu, na hilo ndilo lililotutesa. Kama angekuwa hatambui, tungelia mara moja na kuzoea.

Mimi nilikuwa nimerudi kuishi kwa wazazi baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari. Niligawana na Mama kazi ya kumhudumia: yeye kumlisha na kumgeuza, mimi kumwogesha, kwa sababu nina mikono yenye nguvu. Binti kumwogesha baba yake si jambo dogo kwetu. Nilifunga macho nusu na kuosha kwa haraka.

Jumapili moja, miezi miwili tangu kiharusi, Mama alikuwa kanisani. Yeye huimba sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia, na hata msiba huu haukumwondoa kwayani. Nilikuwa namsugua Baba mgongo, maji yamepoa, nikanyanyua kitambaa ili nimwoshe mapaja. Ndipo akaimba. Hakuguna. Aliimba, kwa tuni iliyonyooka na maneno yaliyokamilika:

«Mwanamuke ya kioo, usiniangalie.»

Nilidondosha sabuni. Kisha nikageuza uso ukutani, maana nilidhani ameniambia nisimwangalie.

Wimbo wenyewe niliujua tangu utotoni. Vitabu vya siku hizi huuita muziki wa namna hiyo roki ya saikedeliki. Baba aliuita muziki ya kichwa kuzunguka. Aliupata ujanani, miaka ya sabini, alipokuwa akiishi kwa mjomba wake huko Mokambo, mji wa mpakani. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, vijana wa miji ya migodi walikuwa wamejifunza kupiga magitaa ya umeme yanayonguruma, wakavaa suruali pana chini na kuimba Kibemba na Kiswahili na Kiingereza cha kubahatisha. Bendi moja ilirekodi huo wimbo, na bendi yenyewe haikuishi muda mrefu. Santuri ya Baba ilipinda kwa jua kabla sijazaliwa, lakini alikuwa ameinakili kwenye kanda. Aliicheza kila Mama alipokwenda mazoezi ya kwaya, akaizima akisikia lango. Mama, aliyezaliwa hapa na wazazi waliotoka Kasai wakiwa na Biblia na cherehani, aliuita muziki ya bawazimu.

Sasa ulikuwa ndio lugha pekee ya Baba. Tangu Jumapili ile aliimba kila siku, mstari huu au ule, na hakuweza kusema neno lolote nje yake. Akitaka kitu aliimba, akiumwa aliimba. Nilipomwambia Mama Jumapili ile kwamba Baba ametoa sauti, alikimbia na kitambaa cha kwaya bado begani, akapiga magoti kando ya kitanda.

«Sema jina yangu,» akamwambia. «Jina moja tu.»

Baba alimtazama. Niliona shingo yake ikikaza na midomo ikijipanga. Alijaribu kwa muda mrefu hadi jasho likamtoka. Kisha ikatoka ile ile: «Mwanamuke ya kioo, usiniangalie.»

Mama alisimama taratibu akaenda kupika. Jioni tulipokuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, aliniuliza bila kuinua macho:

«Ule mwanamuke ya kioo eko nani?»

«Mama, iko wimbo tu.»

«Wimbo haitoke mu hewa. Kuko muntu aliifanya, na kuko muntu alifanyiwa. Weye njo unafundishaka batoto mashairi. Andika ile wimbo yote, unifasirie. Nataka nijue naishi na nani humu mu nyumba.»

Nikaanza siku iliyofuata, nikiwa na redio-kaseti ya kuazima na daftari la shule.

Ni wimbo mrefu. Kwanza gitaa peke yake, linasaga na kukwaruza kama kinu cha unga kilichoingia msumari, kwa dakika zinazochosha. Halafu kinanda, halafu ngoma, na mwimbaji anaingia kwa mbali kama mtu anayeongea ndani ya bomba la maji. Nilirudisha kanda nyuma mara nyingi mpaka kidole kikaota sugu. Baada ya siku kumi nilikuwa na mistari kumi na mmoja. Ngazi iko mu maji, nani atashuka. Moshi inaota meno. Jua inakohoa. Mwanamuke ya kioo, usiniangalie. Na mmoja kwa Kibemba ulionishinda kabisa: ama *naluba inshila*, nimepotea njia, ama *nalaba inshila*, nimeisahau njia. Irabu moja tu inatenganisha maana hizo mbili, na gitaa lilipita juu ya irabu hiyo kila nilipoisubiri. Kibemba changu ni cha kwa bibi, mama yake Baba. Kinatosha kusalimia na kugombana, hakitoshi kusikia kwenye kelele.

Nilifanya kama ninavyowafundisha wanafunzi. Nani anasema? Anamwambia nani? Yuko wapi? Niliandika kwamba moshi ni ule wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, kwamba jua linakohoa kwa sababu ya moshi huo, kwamba ngazi ndani ya maji ni ngazi ya mgodi uliofurika. Nilijivunia. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha: nikatengeneza orodha. Upande mmoja mstari wa wimbo, upande wa pili haja ya Baba. Ngazi iko mu maji: ana kiu. Moshi inaota meno: ana maumivu. Jua inakohoa: taa inamsumbua, funga pazia.

Siku tatu nilimhudumia kwa orodha hiyo. Aliimba ya ngazi, nikaleta kikombe. Akageuza kichwa. Akaimba tena, nikaleta tena, nikakisogeza mdomoni. Kwa mkono wake mzima alikipiga kikombe, maji yakamwagika shingoni na kwenye godoro nililotoka kulianika. Na hapo nilifanya kitu ninachokiona aibu mpaka leo. Nilimkamata mabega nikamtikisa.

«Papa, unataka nini? Sema. Sema basi.»

Akaimba kwa sauti ndogo: «Ngazi iko mu maji, nani atashuka.» Machozi yakamtoka, ya jicho la kushoto na ya kulia, lile lililokuwa halifumbi vizuri. Nilikaa chini sakafuni penye maji. Baada ya muda niligundua kwamba mguu wake uliokufa ulikuwa umebanwa kati ya godoro na ukuta, na mfupa wa kifundo umechubuka mpaka damu. Sijui ulibanwa tangu saa ngapi.

Niliuchana ukurasa wa orodha. Mama alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Siku hizo alimlisha Baba vizuri, kijiko kwa kijiko, lakini bila neno, na akahamishia mto wake chumbani kwangu. Alisema Baba anahitaji nafasi. Nilijua ni kioo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuuliza. Baba alikuwa na rafiki wa ujana aliyebaki Mokambo, aliyepiga ngoma katika bendi ile ile. Walikuwa wakipigiana simu sikukuu hadi sikukuu. Jumamosi nilimwacha Baba na Mama, nikapanda gari la wachuuzi wanaokwenda kununua unga wa mahindi mpakani. Vumbi lilituingia hadi kwenye meno. Saa nane mchana nilishuka mbele ya safu ya malori yanayongoja karatasi, nikauliza nyumba ya mzee mpiga ngoma, na kila mtu aliijua.

Alikuwa mwembamba, amevaa kofia ya sufu ingawa kulikuwa na joto, na ameketi kwenye kreti akitengeneza baiskeli. Nilipojitambulisha alifuta mikono kwa muda mrefu.

«Weye njo mutoto ya fundi,» alisema. «Unamufanana mu paji.»

Nilimweleza yote. Kiharusi, wimbo, kikombe, mto wa Mama. Nilimpa daftari. Alilisoma akilisogeza mbali na macho, midomo ikicheza, na mara moja akatabasamu. Nilianza na irabu yangu.

«Mzee, iko naluba ao nalaba?»

«Yote mbili. Siku ingine muimbaji aliimba ile, siku ingine ile ingine. Mwana yangu, unatafuta mu ile maneno kitu yenye haiko. Siku ya kurekodi muimbaji alikuwa na malaria. Alisimama mbele ya mikro anatetemeka, na alisema kila kitu ilikuya mu kichwa. Sisi wenyewe tulimuuliza kisha: moshi inaota meno, maana yake nini? Akasema hajui, hata hakumbuke.»

Nilihisi daftari zima linanichekea. Siku kumi za kidole chenye sugu, moshi wa shaba, mgodi uliofurika, vyote nilivyofasiri kwa ustadi vilikuwa homa ya kijana mmoja.

«Na mwanamuke ya kioo?»

Mzee alicheka sasa kweli, akakohoa, akanywa maji.

«Ile njo kitu moja tu yenye iko na maana. Baba yako hakuimba hata siku moja, sauti yake ilikuwa mubaya. Ye alikuwa fundi ya courant, ya umeme. Ba ampli za zamani, mashini za kukuza sauti, zilikuwa na lampe ndani, kubwa, za kioo, zinawaka rangi ya machungwa. Moja ilikuwa kubwa kupita zingine. Kama unaigusa inakuunguza, kama unaitikisa inakufa, na kupata ingine ilikuwa shida. Baba yako alikuwa anatugombeza: musimuguse mwanamuke yangu ya kioo. Muimbaji akakamata ile neno, akaitia mu wimbo juu ya kumucheka. Na ile gitaa uliandika iko sawa kinu? Njo baba yako tena. Alikamata wembe akapasula karatasi ya spika, akasema, sasa piga. Tukapiga. Batu balikuya kutoka mbali kusikia ile sauti. Hakukwambia?»

Hakuniambia. Mtu aliyesimulia mpaka majirani wakasahau nyundo zao, hili hakulisimulia nyumbani. Nilimuuliza mzee kwa nini. Alinyanyua mabega.

«Alikutana na mama yako kwa kanisa. Mama yako aliuliza, ulikuwa unafanya nini Mokambo? Alisema, nilikuwa naishi kwa mujomba. Kisha ukisema vile mara moja, unaanzia wapi kusema ingine?»

Nililala kwa wakwe wa yule mzee, na kesho yake nikarudi. Njia nzima nilijiambia kwamba naleta dawa. Hakuna mwanamke. Ni lampe, ni kioo cha kweli, Mama atacheka.

Mama alikuwa anapiga pasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, pasi imesimama hewani, kisha akaikalisha kando.

«Kwa hiyo siku zote hizi,» alisema, «nilikuwa naona wivu ya balbu.»

«Mama, si iko muzuri?»

«Iko muzuri. Lakini jina ya balbu anaijua.»

Alimalizia shati. Lilikuwa la Baba, la misa, na Baba hakuwa anakwenda misa tena.

Wiki hiyo tulimpeleka hospitali kwa mazoezi ya viungo. Dada mmoja anayefanya kazi huko, kijana, mpole, alimsikia akiimba ngazini tukimpandisha. Alituambia kwamba maneno hukaa upande mmoja wa kichwa na wimbo huegemea upande mwingine. Upande wa maneno wa Baba umeungua, wa wimbo bado unawaka. Mara nyingine, alisema, mtu hujifunza neno jipya likipitia tuni ya zamani. Tusimlazimishe kusema. Tumwimbie, tukimgonga kiganjani kufuata mapigo, na tubadilishe neno moja tu.

Hatukuhitaji kuulizana ni neno gani. Jina la Mama lilikaa mahali pa «mwanamuke ya kioo» bila kusukumana sana.

Basi Mama, wa sauti ya kwanza ya kwaya, aliketi kila asubuhi kando ya kitanda, ameshika mkono wa kushoto wa Baba, akimgonga kiganja na kuimba muziki ya bawazimu. Mwanzoni aliuimba kama zaburi. Nilimchezea kanda ili ajifunze mapigo, akasikiliza ameinamisha kichwa, na mara moja akasema, si kwangu: «Ile gitaa inalia kweli.» Wiki ya kwanza Baba aliimba kioo. Wiki ya pili alisita penye jina, akaanza tena. Mama alimgonga kiganja mpaka chake mwenyewe kikawa chekundu. Kuna siku alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, ameshika ukuta kwa mikono miwili. Nilimfuata akanifukuza.

Alhamisi ya wiki ya tatu Baba alilisema lile jina. Aliliimba lote, na «usiniangalie» ikaja nyuma yake kama mkia. Mama alifunika uso kwa kitambaa. Kisha akamwomba arudie, akarudia. Jioni hiyo Mama alirudisha mto wake.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuwa hivyo. Kesho yake Baba alitaka maji, akaimba jina la Mama. Alitaka kugeuzwa, akaimba jina la Mama. Nilipoingia na beseni aliniita mimi kwa jina la Mama, na akamwita hivyo jirani, na kuku aliyepita mlangoni, na maumivu ya bega. Ile mistari mingine kumi ilizama mmoja baada ya mwingine. Ngazi ikaondoka, moshi ukaondoka, na lile jina likafunika kila kitu. Tulikuwa tumempa neno moja na kumpora kumi. Nilimuuliza yule dada wa hospitali kama tulikosea. Alisema hajui, na nilishukuru kwamba hakunidanganya.

Mama alikuwa anamenya viazi siku alipomsikia akimwita kuku. Alisimamisha kisu.

«Alinipa jina yangu,» alisema, «na akaigawia bote.»

Lakini aliinuka akaenda, kama alivyoenda kila mara alipoitwa, hata akijua kwamba anayeitwa huenda ni kikombe. Alikwenda mara ishirini kwa siku. Nilimwambia apumzike, tupokezane zamu. Akaniambia: «Na kama ile mara iko miye?»

Miezi ya baridi ilipofika Baba alianza kulala mchana kutwa. Kifua kikajaa. Tulimrudisha hospitali, wakaturudisha nyumbani wakisema tumkalishe wima na tuombe. Niliendelea kwenda shuleni, kwa sababu nikiwa darasani kulikuwa na saa moja moja ambapo vitu vilikuwa na maana yake. Nilifundisha vitenzi. Sikufundisha shairi lolote muhula huo.

Alifariki Jumatano asubuhi, nikiwa ubaoni. Nilipofika, majirani walikuwa wameshatoa viti nje, na Mama yuko ndani, ameshika bakuli la uji ulioganda juu. Alikuwa amemvalisha shati la misa peke yake, sijui alimwinuaje. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Baada ya kulia niliuliza swali ambalo nadhani kila mtu huuliza.

«Alisema kitu?»

«Aliimba,» Mama alisema.

«Aliimba nini?»

Aliweka bakuli chini, akanifuta uso kwa kiganja chake kama nilipokuwa mdogo.

«Ile iko yangu,» alisema. «Wende utafute mikate. Batu batakuya bengi, na nyumba haina kitu.»

Nikaenda. Kwenye duka la mikate kulikuwa na foleni ndefu, na mwanamke aliyekuwa mbele yangu alinilalamikia kwamba umeme umekatika tangu alfajiri na mikate imechelewa. Nilimjibu kwamba ndiyo, imechelewa, nikangoja zamu yangu.